Deraya au sidiria?

Saa arobaini. Ndizo nilizomaliza nikimtafutia shujaa wangu wa kike deraya, yaani vazi la vita, ya mwisho kwenye gemu moja ya majoka na mapango, ambayo siitaji jina kwa sababu bado nina hasira nayo. Nimevuka vinamasi, nimeua majitu, nimekufa hadi nikaacha kuhesabu mbele ya mchawi mmoja mwenye fimbo ya barafu. Hatimaye sanduku likafunguka. Pichani, bamba zito la chuma, mabega mapana, chapeo yenye pembe. Nikamvisha. Kitovu nje, mapaja nje, kifuani vibakuli viwili vya chuma vimeshikiliwa na mkanda. Ulinzi: 240.

Nikaihamishia kwa mhusika wangu wa kiume. Deraya ileile, jina lilelile. Huyo kafunikwa kuanzia kidevu hadi kidole cha mguu. Ulinzi: 240.

Kumbe kitovu kinazuia shoka sawasawa na bamba la chuma! Sasa yule dume anajitwisha mzigo wote ule wa nini? Si avae kitovu na yeye?

Najua jibu linalokuja: gemu ina majoka, halafu wewe unalilia uhalisia. Jibu hilo limenichosha. Joka nimelikubali kwa sababu gemu yenyewe imeniambia majoka yapo. Gemu hiyohiyo imeniambia upanga unakata, mshale unaua, na chuma kinazuia. Imenitoza dhahabu kununua chuma hicho. Inampunguzia mtu mbio akivaa kizito. Kanuni kaiweka yenyewe, kisha anapotokea mwanamke inajifanya imeisahau.

Kinachonikera kuliko bikini ni wale wanaodai wamejirekebisha. Wamemfunika mwanamke mwili mzima, tukashangilia, kumbe wamemchongea matiti mawili juu ya chuma. Jamani. Bamba la kifua hufuliwa likiwa limebinuka, mara nyingi na mwinuko uliochongoka katikati, ili ncha ya silaha ikigonga iteleze pembeni, mbali na mwili. Ukichonga vilima viwili umetengeneza bonde, na bonde hilo linaishia pale pale kwenye mfupa wa kidari. Mkuki uliokuwa upotee, umeuelekeza moyoni kwa mkono wako. Na wala hapakuwa na haja. Chini ya chuma huvaliwa koti nene lililoshonwa kwa matabaka ya kitambaa, na kati ya bamba na kifua hubaki nafasi. Umbo la mtu halionekani. Wanaume wa Ulaya karne ya 16 walivaa mabamba yaliyochongoka tumboni kama wana mimba, na hakuna aliyedhani matumbo yao yako hivyo.

Mwanamke aliyevaa deraya kweli tunaye. Jeanne d'Arc, yule binti wa Kifaransa aliyeongoza askari vitani, alitengenezewa yake mjini Tours mwaka 1429, kwa livre 100, pesa ya Ufaransa ya enzi hizo. Mwezi Mei mwaka huohuo, kule Orléans, mshale ukampata kati ya shingo na bega. Huyo alikuwa amevaa chuma! Mshale ulitafuta upenyo mdogo ukaupata. Shujaa wangu yeye ni upenyo mtupu, na chuma kidogo cha kupambia.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: wanaume nao huvuliwa. Kratos, shujaa wa gemu za God of War, amekata miungu vipande akiwa kifua wazi tangu 2005. Lakini hakuna aliyeniuzia kile kifua kwa jina la deraya, na kamera haimzunguki ikimtafuta nyonga. Kavuliwa ili atishe. Tofauti mnaiona, msijifanye.

Wanaosema ndivyo gemu zinavyouzika, sawa, gemu ya Dark Souls ya 2011 ina deraya nzito ambazo akishazivaa mtu humjui mwanamke wala mwanamume, na watu waliinunua wakalia nayo usiku kucha.

Linaloniuma zaidi ni gemu ya Metroid ya 1986, maana naipenda. Gemu nzima unamwongoza Samus, aliye ndani ya vazi la chuma, mwishoni unagundua ni mwanamke. Wazo zuri kabisa! Kisha wakaliharibu: kadiri unavyomaliza haraka ndivyo anavyovuliwa, na ukimaliza chini ya saa moja, zawadi yako ni bikini. Mtu karudisha amani angani, wanamvua nguo kukupongeza wewe uliyekaa kwenye kochi.

Ile deraya nimeiuza. Nimemrudishia shujaa wangu koti la ngozi alilokuwa nalo tangu leveli ya 9, lina viraka na linamfika magotini. Ulinzi: 65. Jana joka limemuua mara sita. Leo jioni nitajaribu kulizunguka kwa kushoto, maana huko mkia wake haufiki.