Programu-jalizi za jQuery: uhuru wa $.fn na gharama yake

Maktaba ya jQuery, msimbo wa JavaScript wa kuendeshea kurasa za wavuti, iliyoanzishwa na John Resig mwaka 2006, ilipendwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni wepesi wa kuiongezea uwezo. Aliyejua JavaScript kidogo aliandika fankisheni, akaipachika kwenye $.fn, na papo hapo ikawa programu-jalizi inayoitika kwa kila kundi la elementi (sehemu za ukurasa) lililochaguliwa. Hapakuwa na utaratibu wa kusajili chochote, kwa kuwa $.fn ni jina fupi tu la prototaipu ya jQuery yenyewe, yaani kiolezo ambacho makundi yote ya elementi hurithi fankisheni zake. Anayeunda maktaba kama hiyo leo hana budi kuamua kama ataiga uwazi huo au ataweka masharti.

Wanaoutetea uwazi wana hoja nzito. Programu-jalizi ndogo, kwa mfano ya kupaka rangi safu za jedwali zinazopishana, huandikwa kwa mistari michache: inapitia elementi moja moja, inafanya kazi yake, kisha inarudisha this, yaani kundi lilelile la elementi, ili mtumiaji aunganishe amri nyingine mbele yake. Hakuna msimbo unaomlazimisha mwandishi kurudisha this. Ni desturi tu. Hata hivyo desturi hiyo imeshika, kwa sababu anayeikiuka hukata mnyororo wa amri na kugunduliwa na mtumiaji wake wa kwanza. Kuandikia sheria jambo linalojifichua lenyewe ni kupoteza muda.

Mgongano wa majina, kwa upande mwingine, haujifichui. jQuery UI, mkusanyiko wa vifaa vya ukurasa uliojengwa juu ya jQuery, ina $.fn.button na $.fn.tooltip, na Bootstrap, mkusanyiko mwingine wa aina hiyo, nayo ilitumia majina hayo hayo. Zikipakiwa zote mbili, ya mwisho huifuta ya kwanza bila onyo lolote, na kitufe kilichofanya kazi jana huharibika kwa sababu tu mtu amebadilisha mpangilio wa faili. Bootstrap ililazimika kutoa amri ya noConflict ili jina lirejeshwe kwa mwenyewe. Dawa hiyo inafaa, lakini humsaidia yule tu ambaye tayari ameujua ugonjwa.

Gumu zaidi ni suala la hali, yaani mambo ambayo programu-jalizi huendelea kuyashikilia baada ya kuitwa. Tuchukue dirisha dogo linalosikiliza mabadiliko ya ukubwa wa kivinjari ili lijipange upya katikati. Elementi yake ikiondolewa kwa amri ya remove, jQuery husafisha wasikilizaji (fankisheni zinazongoja tukio) waliounganishwa na elementi hiyo, lakini msikilizaji aliyeunganishwa na window, yaani dirisha zima la kivinjari, hubaki. Mtumiaji akilifungua na kulifunga dirisha hilo mara nyingi bila ukurasa kupakiwa upya, wasikilizaji hurundikana, na kosa huonekana mbali na chanzo chake, pengine kama ukurasa mzito tu.

Jibu la jQuery UI lilikuwa $.widget, utaratibu unaompa mwandishi muundo uliokwisha kupangwa: chaguo za msingi, hatua ya kuumbwa, na fankisheni ya kujisafisha, _destroy, inayoitwa hata elementi inapoondolewa kwa njia za jQuery. Kifaa kilichoundwa hivyo kikiitwa mara ya pili kwenye elementi ileile, hakiumbwi kingine. Lakini masharti haya yana bei. Amri hupitishwa kama maandishi, mfano dialog('close'), hivyo kosa la tahajia hungoja hadi programu iwe inaendeshwa ndipo lijulikane. Isitoshe, ingawa mwandishi hutakiwa kutanguliza jina la kundi lake, kama vile ui.dialog, kinachoingia kwenye $.fn ni dialog pekee, yaani mgongano wa majina haukutibiwa.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimebishana mno kuhusu namna programu-jalizi inavyoingia kwenye maktaba, ilhali hasara kubwa hutokea wakati wa kutoka. Fankisheni isiyohifadhi hali iachiwe uhuru wote wa $.fn, mradi maktaba ikatae kwa sauti jina ambalo tayari lina mwenyewe. Inayohifadhi hali ipite kwenye njia ya pili, ambako maktaba haiipokei bila fankisheni ya kujiondoa, na maktaba yenyewe ndiyo inayounganisha wasikilizaji kwa niaba yake ili iweze kuwaondoa wote kwa pamoja. Mwandishi mvivu bado ataweza kuita addEventListener, amri ya kivinjari ya kuweka msikilizaji, moja kwa moja na kuukwepa utaratibu huo. JavaScript haina njia ya kumzuia, na sioni faida ya kujifanya inayo.