Bei ya hospitali ni siri ya nini?

Ukiuliza bei ya kipimo hospitalini, unajibiwa kwa swali: una bima au unalipa taslimu? Kipimo ni kilekile, mashine ni ileile, ila bei inafuata anayelipa. Halafu tunahubiriwa kwamba soko likiachwa huru, ushindani utashusha gharama. Ushindani gani, ikiwa mnunuzi haoni bei? Na anayevuja damu atazunguka hospitali ngapi akilinganisha?

Mchumi Kenneth Arrow alishaeleza mwaka 1963 kuwa tiba si bidhaa ya kawaida: hujui utaugua lini, na anayekuuzia tiba ndiye huyohuyo anayekwambia unahitaji nini.

Marekani ilibidi serikali iweke kanuni, iliyoanza tarehe 1 Januari 2021, kuzitaka hospitali zitangaze bei zao, zikiwemo zile zilizopatana na kila kampuni ya bima. Chama cha hospitali kilikimbilia mahakamani kuipinga kanuni hiyo (kikashindwa). Hata baada ya hapo, hospitali nyingi zilichelewa kutii, na baadhi zilizotii ziliweka mafaili makubwa yasiyosomeka na mtu wa kawaida. Huko ni kutimiza sheria huku unaificha bei palepale.

Ninachotaka ni karatasi moja tu kabla ya tiba isiyo ya dharura: bei hii, bima inalipa hiki, wewe unalipa hiki. Hospitali inajua. Bima inajua. Mgonjwa naye ajulishwe kabla hajalala kitandani, si siku ya kupewa ankara.