Tuambiwe bei yote kabla hatujafika getini

Mwandishi wa makala niliyoisoma ameandika kwamba bustani za wanyama zinatangaza kiingilio cha chini, halafu ndani unatozwa tena kwa kila banda lenye mnyama maarufu. Mimi sipingi kila ada ya ziada. Bronx Zoo ya New York ilipofungua msitu wake wa sokwe wa Kongo mwaka 1999, mgeni alilipia dola chache juu ya kiingilio, na kabla ya kutoka alichagua mwenyewe mradi wa uhifadhi Afrika ya Kati ambao pesa yake ingeusaidia. Kwa sisi tunaotoka upande huo wa dunia hilo ni jambo kubwa. Sokwe na okapi (mnyama wa msituni wa jamii ya twiga) wana kwao, na huko kwao askari wa hifadhi wanahitaji mafuta ya gari, buti na mishahara.

Kinachoniuma ni ile ada isiyoelezwa. Mzazi ameshapanga foleni na watoto wanne, wameshaona picha ya mnyama ukutani, ndipo anaambiwa aongeze. Atasemaje pale?

Huko St. Louis, Marekani, wananchi walikubali kwa kura mwaka 1971 kulipia bustani yao ya wanyama kupitia kodi ya majengo, na mpaka leo kuingia ni bure. Treni na burudani kadhaa zinalipiwa, lakini tembo unamwona bila kutoa senti. Wanaobandika ada mpya waandike jumla yote kwenye tovuti, pamoja na mahali pesa inapokwenda.