Kupe wa Ukweni

Kuna sehemu za mwili ambazo mkwe hazitaji ukweni, achilia mbali kuzifunua. Kupe hajui hilo.

Tulikuwa Kondoa. Mchana kutwa nilikaa majanini na baba mkwe nikisifia madume yake. Jioni naoga, nikapapasa kitu kigumu nyuma ya paja, juu kabisa, pale paja linapokaribia kubadili jina. Nikadhani kipele. Mama Neema akamulika kwa tochi ya simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Neema, hiki kipele kina miguu."

Kufumba na kufumbua boma zima lina habari. Jirani akatoa ushauri wa kumpaka mafuta ya taa. Shemeji akaja na kiberiti: "Lala kifudifudi tu shemeji, akisikia moto anatoka mwenyewe." Nikapiga hesabu: mafuta ya taa, kiberiti, na mimi katikati. Nikagoma. Mama mkwe naye akapaza sauti kutoka jikoni, ukuta ukitusitiri: "Mwambieni mwanangu asijikune, kichwa kitabaki!" Basi, hata yeye anajua.

Bahati nzuri bwana mifugo alikuwa bado zizini anamchoma sindano ng'ombe mwenye ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Akaja na mabuti yake yenye samadi, akanawa mikono, akanipigapiga mgongoni. "Tulia, tulia, dume." Shemeji akanishika mabega bila kuombwa.

Jamaa anaijua kazi, lazima niseme. Alichukua kibanio chembamba, akambana kupe kichwani, karibu kabisa na ngozi, wala hakumgusa tumbo. Akavuta juu taratibu, moja kwa moja, bila kuzungusha. Kupe akatoka mzima, miguu inachezacheza hewani. Shemeji akataka kumpasua kwa kucha, akafokewa. Kupe akatumbukizwa kwenye kichupa cha spiriti. Mimi nikaoshwa kwa sabuni na maji.

"Hayo mafuta ya taa na moto yanamkera tu," akamwambia jirani. "Akikereka anakutemea uchafu wake ndani."

Nikauliza kwa unyonge, "Na mimi nitapata ndigana?"

"Una pembe?"

Akaeleza kwamba ndigana kali ni ya ng'ombe, ila binadamu ana homa yake ya kupe. Ndani ya wiki mbili nikiona homa, kichwa kuuma, tezi kuvimba, au kidonda chenye kigaga cheusi pale nilipoumwa, niende hospitali na nitamke wazi kuwa niliumwa na kupe, maana huku kwetu kila homa inasingiziwa malaria. Dawa ipo, doksisaiklini, lakini daktari ndiye aandike, siyo yeye.

Baba mkwe akauliza kama kuna masharti mengine. Bwana mifugo, tayari anafunga begi lake, akajibu kwa mazoea:

"Maziwa yake msinywe kwanza mpaka niwaambie."

Mzee akaitikia kwa kichwa, uso mkavu kabisa.