Acheni Kukaririsha Watoto Mishale

Mpwa wangu yuko fomu siksi, PCB (fizikia, kemia, biolojia). Juzi kaniletea desa la kemia alilotoa kopi steshenari moja pale Mwenge. Esta na hidroksidi, ukurasa wake. Kloridi ya asidi na maji, ukurasa wake. Anhidridi na amonia, ukurasa wake. Kila mmoja una mishale ya kuonyesha elektroni zinakohamia, na juu yake, kwa herufi kubwa: KARIRI.

"Anko, zote hizi zinatoka kwenye pepa?"

Zinatoka, na zote ni kitu kimoja! Chenye elektroni za kutoa kinaivamia kaboni ya kabonili, ile iliyoungana na oksijeni kwa bondi mbili, na bondi ya pili inapandisha elektroni zake kwa oksijeni. Kisha oksijeni inazishusha tena, na kundi linaloweza kuondoka na elektroni bila taabu linaondoka. Basi.

Kibaya zaidi, desa limechora hatua moja tu: hidroksidi inaingia, alkoksi (kipande cha alkoholi kwenye esta) inatoka hapo hapo, utadhani abiria wa Mbagala wanapishana dirishani. Hongera kwa aliyechora. Mwaka 1951 mkemia Myron Bender, huko Marekani, alichukua esta za asidi ya benzoiki zenye oksijeni-18 (oksijeni nzito, ya kuwekea alama) kwenye kabonili, akaziweka kwenye maji ya kawaida, akasimamisha mmenyuko katikati, akapima esta ambayo bado haijavunjika. Oksijeni-18 imepungua! Esta nzima, haijavunjika, oksijeni yake imekwenda wapi? Hidroksidi iliingia, ikakaa, protoni ikahamia oksijeni ya pili, ikatoka ile ya zamani na mgeni akabaki. Kwa hatua moja hilo haliwezekani hata kwa maombi. Sasa mtoto akisimuliwa hivi, ataisahau ile hatua ya kati?

Walimu mtaniambia darasa limefurika na silabasi haisubiri. Haya, kweli. Na ule mpangilio wa wepesi wa kumenyuka, kloridi, anhidridi, esta, amidi, wakariri tu, ingawa nao una sababu yake: kloridi akiachwa peke yake na elektroni zake hana shida, amidi ana shida kubwa.

Tulifunga desa, tukachora upya nyuma ya karatasi. Alipofika kwenye esta na hidroksidi, ndiyo njia ya kugeuza mafuta kuwa sabuni kwa kuwa mafuta nayo ni esta, akasimama. "Sasa Anko, kama kila hatua inaweza kurudi, mbona sabuni hairudi kuwa mafuta?" Kwa sababu asidi ikizaliwa tu inanyang'anywa protoni, na ikishakuwa na chaji hasi, alkoholi haina tena pa kuishika. Swali hilo kwenye desa halimo.