Nakala rudufu si njia ya kurudi

Ilikuwa saa 8:40 usiku, na toleo jipya la programu yetu lilikuwa likifanya kazi tangu saa 7:15. Uhamishaji wa hifadhidata, yaani kubadilisha muundo wake ulingane na toleo jipya, ulikuwa umepita bila kosa hata moja, watu wakaanza kuingia, tukapongezana. Ndipo mwenzangu wa zamu aliponiita: "Kaka, hebu njoo uone. Malipo yanaingia, lakini oda hazifungwi." Tukahangaika kwa dakika 20 bila kuona chanzo, mpaka kiongozi wetu akaamua turudi toleo la zamani. Nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya data yote, ilikuwepo, imechukuliwa saa 7 kamili na kukaguliwa. Nikaandika amri ya kuirejesha, na kabla sijabonyeza nikajiuliza: hawa waliolipa tangu toleo jipya lianze, ninawapeleka wapi?

Walikuwa 217. Tulihamisha malipo yao kwa mkono, mstari baada ya mstari, hadi kukapambazuka, na bado wawili tuliwakosea. Mmoja alipiga simu asubuhi kuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Mimi ndiye niliyepokea.

Tangu siku ile, nikipewa mpango wa kupandisha toleo kubwa, naanzia sehemu ya kurudi nyuma. Mara nyingi nakuta sentensi moja tu: "Ikishindikana, tutarejesha nakala rudufu." Sentensi hiyo ni ya kweli hadi pale mtumiaji wa kwanza anapoandika kitu kwenye mfumo mpya. Kuanzia hapo, kurejesha nakala ni kufuta kazi za watu, na kila dakika inayopita hasara inakua. Timu inayoita jambo hilo mpango wa kurudi inajidanganya, na wanaoumia ni wengine.

Sisemi nakala zipuuzwe. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta data ya seva kuu ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya pili. Walipokimbilia nakala zao za kila siku, hazikuwepo: zana ya kuchukulia nakala iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, programu ya hifadhidata waliyoitumia, ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikigoma kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya diski, yaani nakala ya diski nzima ilivyokuwa wakati huo, ambayo mtu aliichukua saa 6 hivi kabla, kwa ajili ya majaribio. Hitilafu ya namna hiyo hujificha vizuri sana wakati wa kupandisha matoleo, kwa sababu hifadhidata inasonga mbele na zana zinabaki nyuma. Kwa hiyo rejesha nakala yako kwenye seva nyingine, kwa zana zilezile utakazotumia usiku wenyewe, na uhesabu inachukua muda gani. Nakala inayohitaji saa 5 kurejea haikusaidii kama umeomba saa 2 za kusimamisha huduma.

Ninachokitetea ni kuhakikisha kwamba programu ya zamani inaweza kuishi na hifadhidata mpya. Chukua jedwali la wateja lenye safu ya jina kamili, ambayo toleo jipya linataka igawanywe kuwa jina la kwanza na jina la ukoo. Njia ya haraka ni kugawanya usiku mmoja na kufuta safu ya zamani, halafu ukikwama huna pa kurudi. Njia ninayoitaka mimi ni ndefu. Kwanza unaongeza safu mbili tupu, na programu ya zamani haijali. Kisha unatoa toleo linaloandika pande zote mbili. Safu mlalo za zamani, yaani rekodi za wateja waliokuwepo tayari, unazijaza kidogokidogo, elfu moja moja, badala ya amri moja inayoshikilia jedwali zima. Ukishalinganisha na kuona pande zote zinakubaliana, ndipo programu inaanza kusoma upande mpya, huku ikiendelea kuandika ule wa zamani. Safu ya zamani unaiacha hapo hata wiki mbili. Katika muda huo wote, kurudi ni kuwasha tu programu iliyotangulia.

Najua malalamiko: matoleo manne badala ya moja, na msimbo unaoandika mara mbili unachukiza kuusoma. Ni kweli, unachukiza. Niko tayari kuusoma wiki mbili.

Hata hatua ndogo ya kuongeza safu ina mtego wake. Tangu PostgreSQL 11 ya mwaka 2018, kuongeza safu yenye thamani ya awali isiyobadilika hakulazimishi jedwali zima kuandikwa upya, kwa hiyo watu huiendesha mchana bila wasiwasi. Lakini amri hiyo inahitaji kufuli la jedwali, linalozuia wengine wasiliguse, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Mbele yake ikiwepo ripoti inayosoma jedwali hilo kwa dakika 10, itasubiri, na maombi yote yanayokuja nyuma yatapanga foleni nyuma yake. Weka lock_timeout, yaani kikomo cha kusubiri kufuli, ya sekunde chache. Ikishindwa, jaribu tena baadaye.

Kupandisha hifadhidata yenyewe ni habari nyingine. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ikishafika toleo la 8.0 haiteremki tena kwenda 5.7. Kwa PostgreSQL, zana yake ya kupandisha toleo, pg_upgrade, yenye chaguo la --link inapendwa kwa kasi yake, lakini seva ya zamani na mpya zinatumia mafaili yaleyale, na ukishawasha seva mpya, ile ya zamani si salama tena kuiwasha. Mimi nachagua urudufishaji wa kimantiki, uliopo tangu toleo la 10: toleo jipya linakimbia kando likipokea kila badiliko, na siku ya kuhama unageuza mkondo ili la zamani liendelee kupokea yanayoandikwa kwenye jipya. Katika matoleo niliyotumia, namba za mfuatano, zile ambazo hifadhidata hujitolea yenyewe kwa kila oda mpya, hazikupelekwa, kwa hiyo zisogeze mwenyewe, la sivyo oda ya kwanza itagongana na namba iliyokwisha kutumika. Na mfumo endeshi usiubadilishe usiku huohuo. Mpangilio wa herufi uliobadilika katika toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, umeharibu kimyakimya faharasa nyingi, zile orodha ambazo hifadhidata hutafutia haraka: mtumiaji yumo kwenye jedwali, lakini akitafutwa haonekani.

Katika mipango yetu sasa kuna mstari unaotaja saa ambayo mlango wa kurudi utafungwa, na jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuufunga. Mara ya mwisho tulipohama, kasi ya utafutaji iliporomoka saa 9 usiku. Mwenye jina lile akasema turudi. Ilituchukua dakika 4, na oda zote zilizoingia usiku ule zilikuwa mahali pake. Tulijaribu tena siku tatu baadaye.