Kodi ya Hewa

Jamani, kwetu stoo ni uvungu wa kitanda. Mtaka cha mvunguni anainama, anakohoa vumbi, anakipata. Marekani stoo ni chumba cha kukodi kwa mwezi, mbali na nyumbani, na mtaka chake sharti kwanza akumbuke namba ya siri ya geti, awe na ufunguo wa kufuli, awe amelipa kabla ya tarehe, ndipo ainame. Na kitu chenyewe anachokifuata ni sufuria la pilau lililovunjika mkono mmoja.

Haya, tumekubali. Mkataba wa fleti unaisha tarehe 31, fleti mpya inafunguliwa tarehe 15, na makochi hayawezi kulala kwenye gari. Unakwenda kaunta kuulizia chumba. Kijana wa pale anatabasamu na kuuliza nyumba yako ina vyumba vingapi vya kulala. Ukisema kimoja, keshakuandikia futi 10 kwa 10. Hivi idadi ya vyumba inahusiana nini na mzigo? Kuna mtu ana chumba kimoja na makochi matatu, na kuna mwingine ana vyumba vitatu na mkeka.

Vyumba vyenyewe vinatajwa kwa sakafu: 5 kwa 5, 5 kwa 10, 10 kwa 10, 10 kwa 15, 10 kwa 20. Sakafu, sakafu, sakafu. Dari halitajwi, na hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea. Dari mara nyingi liko futi 8 juu. Kwa hiyo 5 kwa 10 si futi 50 bali ni futi 400 za ujazo, na 10 kwa 10 ni 800. Sasa nenda kachungulie vyumba vya watu milango ikiwa wazi: maboksi yamefika kiunoni, juu yake kuna futi 5 za hewa safi, na hiyo hewa inalipiwa kila tarehe mosi. Hewa! Kitu ambacho hata mwenye nyumba wetu wa uswahilini, pamoja na roho yake yote, hajawahi kukidai.

Basi chukua tepu, karatasi na kalamu, piga hesabu ukiwa bado nyumbani. Pima urefu, upana na kimo kwa futi, zidisha. Godoro la kwini ni inchi 60 kwa 80, yaani tano kwa sita yetu iliyoongezewa inchi 8. Likiwa na unene wa inchi 10 ni futi za ujazo 28. Kitako cha springi kinachokaa chini yake, 25. Kochi la watu watatu lenye urefu wa futi 7, upana 3, kimo 3: 63. Kabati la droo, 22. Meza ikivuliwa miguu pamoja na viti vinne, weka 40. Maboksi 30 ya saizi ya kati, kila moja futi 3 za ujazo, ni 90. Jumla 268. Friji na jiko vya fleti ni vya mwenye fleti, viache.

Mzigo haupangiki kama maji kwenye ndoo, kwa hiyo hesabu kwamba utatumia robo tatu tu ya chumba. Robo tatu ya 400 ni 300. Mzigo wako ni 268. Umeingia kwenye 5 kwa 10, na kijana wa kaunta abaki na tabasamu lake. Lakini umeingia kwa kubanwa kama kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni: kitu cha nyuma hakitoki mpaka cha mbele kishuke. Kama mzigo unalala tu mpaka siku ya kuhama, hiyo si taabu. Kama kila Jumamosi unafuata kitu, unahitaji njia ya kupita ya futi 2 kwa urefu wa chumba, na njia hiyo ndani ya 5 kwa 10 inakula futi 20 kati ya 50. Hapo ndipo 10 kwa 10 inapokuwa na haki.

Tofauti yake kwenye mfuko ni ipi? Tuseme kidogo ni dola 80 kwa mwezi na kikubwa ni 130. Dola 50 unaziona ndogo. Kwa mwaka ni 600, na kochi unalolitunza kwa heshima zote hizo ulilinunua kwa 250 kwa mtu aliyekuwa anahama.

Halafu kuna lile bango: mwezi wa kwanza dola 1! Unatoa dola yako moja kwa madaha, unaambiwa kuna ada ya kufungua faili. Kuna bima, maana sehemu nyingi hupewi chumba bila bima. Kuna kufuli la duara, na lenyewe linauzwa pale pale. Dola moja imezaa watoto. Kabla ya kununua bima yao, soma bima yako ya upangaji, ile inayolinda vitu vyako ndani ya fleti. Nyingi zinagusa mali iliyo nje ya nyumba, ingawa kwa kiwango kilichopunguzwa, na ofisi itataka karatasi ya kuthibitisha. Na mkataba ni wa mwezi kwa mwezi. Raha yake, unaondoka ukitaka. Karaha yake, wao nao wanapandisha kodi wakitaka, wakishakupa taarifa, na wanajua vizuri kwamba mtu aliyekwisha kuingiza kabati la droo hahami kwa sababu ya dola 15. Hesabu bajeti yako kwa bei ya mwezi wako wa saba pale, usiihesabu kwa ya mwezi wako wa kwanza.

Usilipe kabla hujapima mlango. Chumba cha upana wa futi 5 hakina mlango wa futi 5. Ni 4 hivi, pengine pungufu. Na hizo 5 zenyewe ukizipima kwa ndani zinapungua, ndiyo maana mikataba inasema vipimo ni vya makadirio. Kisha tazama juu: mlango wa kukunja unajiviringisha ndani ya chumba, na lile bunda linachukua nafasi yake. Ukirundika maboksi mpaka juu karibu na mlango, moja litateleza liegemee bati, na siku ukirudi mlango haupandi. Unavuta, unatukana, unaita watu. Acha futi nzima kati ya mzigo na mlango.

Kupanga nako kuna adabu yake. Chini weka paleti za mbao au hata maboksi matupu yaliyokunjuliwa yakawa bapa, maana saruji inatoa unyevu. Acha upana wa kiganja ukutani hewa ipite. Vitabu viingie kwenye maboksi madogo ya futi moja na nusu za ujazo; ukijaza vitabu boksi kubwa litapasuka kitako ngazini, na utaokota kamusi huku watu wanasubiri lifti. Maboksi yawe ya saizi moja, mazito chini. Kochi lisimamishwe wima kwa mkono wake: likilala linakula futi 21 za sakafu, likisimama ni 9. Lile linalokunjuka kuwa kitanda liache chini, chuma chake kitakuelemea. Godoro la springi lisimame ubavu, libanwe kati ya ukuta na kabati lisipinde. La povu lilale juu ya maboksi, na juu yake pasiwekwe kitu. Mashine ya kufulia imwage maji yote pamoja na ya mipira yake, hasa kama uko Minnesota kwenye baridi kali. Maji yaliyobaki kwenye pampu yakiganda yanapasua plastiki. Houston, kwenye joto na unyevu, taabu ni nyingine: viatu na koti la ngozi vinaota ukungu kama mkate uliosahauliwa. Kwa ngozi, mbao na televisheni, chumba kinachodhibitiwa joto na unyevu kina maana. Kwa ndoo na masufuria ya alumini, unayalipia masufuria kiyoyozi kuliko unavyojilipia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wetu wenyewe: mapipa ya kupeleka nyumbani. Pipa la galoni 55 lina upana wa futi 2 hivi na kimo cha 3 hivi. Kwenye 5 kwa 10 yanasimama 8 chini na 8 juu yake, na bado una pa kusimama mlangoni ukiyatazama. Yenye vyombo yakae chini, yenye nguo juu. Tatizo ni kwamba kontena la kuyapeleka kwa meli linasubiri lijae, na linasubiri kwa kodi yako. Binamu ataleta baiskeli, jirani atasukuma friji "iko wazi tu, tujazie nguo," na ghafla unaulizia 10 kwa 15. Simama hapo hapo. 10 kwa 15 ni futi za ujazo 1,200, na kontena la futi 20 ndani lina kama 1,170. Ukikijaza hicho chumba mpaka dari, huo si mzigo wa stoo tena, ni kontena lililogoma kupanda meli.

Na wenye gari wanaotaka kulilaza kwenye 10 kwa 20: linaingia, gari dogo lina futi 15 hivi. Ila wataulizia hati zake na bima. Petroli ya akiba, mtungi wa gesi, unga wa sembe na dagaa ni marufuku. Dagaa hata wasipokamatwa watajitaja wenyewe.

Ukichelewa kulipa, namba ya geti inakataa kwanza, halafu linakuja kufuli la pili juu ya lako, halafu barua, halafu mnada kwa mujibu wa sheria ya jimbo. Anayenunua hata hajui kwamba lile albamu la harusi lina watu.

Ukimaliza, toa taarifa mapema kama mkataba unavyosema, na uliza kama mwezi unakatwa kwa siku, maana sehemu nyingi ukitoka tarehe 2 umelipa hadi 30. Fagia, piga picha, ondoa kufuli lako. Kuna wanaomaliza kuhamisha, wakafunga mlango kwa mazoea, wakaenda zao. Chumba kitupu, kufuli liko palepale, na hewa inaendelea kulipiwa.